MAJI MEUPE, SUMU NDANI



Kila siku ya kupima kilo mnasikia kwetu neno moja: chemsha maji, kisha unywe. Neno hili ni la kweli, nasi hatulibadilishi. Kipindupindu, tifoide na kuhara vinaua watoto wetu mbio mbio, na moto unaua mikrobe za magonjwa hayo. Mama anayechemsha maji anaokoa watoto.

Lakini leo tunataka kwenda mbele kidogo. Iko sumu moja ambayo inaweza kuingia katika maji ya kunywa, hata katika maji ya robine, na moto hauiwezi. Jina lake ni arseniki. Maji yenye arseniki yanaweza kuwa meupe kabisa. Hayana harufu. Hayana ladha mbaya. Mtoto anakunywa, anafurahi, wala hahari. Kumbe sumu inafanya kazi yake pole pole, miaka na miaka.

Somo hili linataka kila mama ajue mambo matatu: moto unaweza nini na hauwezi nini, mtoto analindwa namna gani, na maneno gani ya kuuliza kwa wale wanaotugawia maji.

1. MIKROBE NA SUMU SI KITU KIMOJA

Mikrobe ni kitu chenye uhai. Inakula, inazaa, inaongezeka. Kwa sababu ina uhai, inaweza kufa. Ndiyo maana moto unaiua, na dawa ya kusafisha maji inaiua.

Arseniki haina uhai. Inatoka katika mawe na udongo, sawa vile chuma na shaba zinavyotoka katika mawe. Kitu kisicho na uhai hakiwezi kuuawa.

Ukitaka kuelewa vizuri, fanya jaribio hili nyumbani pamoja na watoto wako wakubwa. Kamata kopo la maji, tia kijiko kimoja cha chumvi, koroga mpaka chumvi isionekane tena. Maji ni meupe. Onja: ni ya chumvi. Sasa chuja maji yale kwa kitambaa safi, uonje tena: bado chumvi. Yaweke juu ya makala yachemke sana, acha yapoe, onja mara ya tatu: chumvi imezidi! Maji mengine yamepanda na mvuke, lakini chumvi haipandi na mvuke. Imebaki yote katika sufuria.

Arseniki ni vile vile. Kama ulitia lita 2 motoni na ikabaki lita 1, basi sumu iliyokuwa katika lita 2 yote iko katika lita 1. Kitambaa hakiizuii. Jua haliiondoi. Dawa ya kuua mikrobe haiigusi. Tofauti ni moja tu: chumvi unaisikia kwa ulimi, arseniki huisikii.

Tena kipimo chake ni kidogo sana. Waganga wanapima arseniki kwa mikrogramu. Ukigawa gramu moja katika vipande milioni moja, kila kipande ni mikrogramu moja. Shirika la Afya la Dunia, yaani OMS, linasema kwamba lita moja ya maji ya kunywa isipite mikrogramu 10. Fikiri basi: gramu 1 ya sukari ni kama robo ya kijiko kidogo. Gramu 1 ya arseniki inatosha kufikisha lita 100,000 za maji kwenye mpaka huo. Ni bidoni 5,000 za lita 20. Ndiyo sababu jicho la mama haliwezi kuiona, hata akiwa mwangalifu namna gani.

2. MJI WA ANTOFAGASTA

Jambo hili lilipata mji mzima, na waganga waliliandika vizuri, kusudi wengine wajifunze.

Katika Amerika ya Kusini kuna inchi inayoitwa Chile. Kaskazini yake kuna jangwa la Atacama, moja la majangwa makavu kupita yote duniani. Pale miaka inaweza kupita bila mvua ya maana. Kando ya bahari, mwisho wa jangwa lile, uko mji wa Antofagasta. Watu wa mji ule hawana mvua ya kukinga wala chemchemi karibu. Maji yao yalitoka mbali, katika mito inayoshuka kutoka milima mirefu ya Andes.

Milima ile ina volkano nyingi. Wamama wa Goma wanajua volkano ni nini. Mawe ya volkano za Andes yana arseniki, na maji yakipita katika mawe yale yanaibeba. Hakuna mtu aliyetia sumu katika mto. Ilikuwa humo toka zamani.

Mji ukakua, maji yakawa haba. Basi mwaka 1958 wakaleta maji ya mto mwingine, mto Toconce, kwa mabomba marefu kupita jangwa. Watu wakafurahi. Maji yalikuwa meupe, na robine zilitoka vizuri. Lakini katika kila lita ya maji yale mlikuwa na arseniki karibu mikrogramu 860. Mwaka ule ule wa 1958 OMS iliandika mpaka wake wa kwanza: mikrogramu 200. Mwaka 1963 ikaushusha kufika 50, na mwaka 1993 ikaushusha tena kufika 10, ambao ndio mpaka wa leo. Ona sasa: maji ya Antofagasta yalipita mara 4 mpaka wa siku zile, na mara 86 mpaka wa leo.

Watu zaidi ya 100,000 wakayanywa. Wamama wakapika nayo, wakachemsha chai nayo, wakakoroga nayo maziwa ya watoto. Wangeenda wapi kutafuta mengine? Ni jangwa.

Katika miaka ya 1960 waganga wa mji wakaanza kushangaa. Watoto walikuja na ngozi yenye madoa. Viganja vyao vilikuwa vigumu kama vya mzee aliyelima maisha yote. Wengine walikohoa bila kupona. Watoto wengine wakafa, na waganga walipoangalia ndani ya miili yao wakakuta mishipa ya damu imenenepa na kuzibika. Ule ni ugonjwa wa wazee! Mtoto anaupata wapi? Wakapima nywele na kucha za watu, wakapima maji, wakakuta arseniki.

Mwaka 1970 kiwanda cha kusafisha maji kikaanza kazi. Wafanyakazi wanatia ndani ya maji dawa yenye chuma. Chuma inakamata arseniki, vyote viwili vinakuwa kama matope, vinashuka chini, kisha maji yanachujwa. Arseniki ikashuka toka 860 hata karibu 110, na miaka iliyofuata wakaishusha zaidi na zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri, wamama, kwa sababu hapa kuna habari mbili.

Habari ya kwanza ni njema. Katika miaka ile ya sumu, watoto wachanga wa Antofagasta walikufa wengi kuliko wale wa Valparaíso, mji mwingine wa Chile wenye maji mazuri. Hata watoto waliozaliwa wamekwisha kufa walikuwa wengi zaidi. Maji yalipotengenezwa, vifo vile vikashuka. Ni kusema: hakuna kuchelewa. Siku unapobadilisha maji, siku ile unaanza kuokoa.

Habari ya pili ni nzito. Wale waliozaliwa katika miaka ile 12, toka 1958 hata 1970, walikua, wakaenda masomo, wakaoa na kuolewa. Walionekana wazima. Lakini walipofika umri wa miaka 30 mpaka 49, kansere ya mapafu iliwaua karibu mara 6 kupita watu wa umri wao katika sehemu nyingine za Chile. Kansere ya kibofu cha mkojo vilevile iliongezeka sana, na hata miaka 40 baada ya maji kutengenezwa hatari ilikuwa bado inaonekana. Sumu iliyoingia tumboni mwa mama na katika miaka ya utoto ilidai deni lake wakati mtoto amekwisha kuwa baba wa watoto.

3. DALILI ZINAZOONEKANA MWILINI

Arseniki ya maji haiangushi mtu siku moja. Mara nyingi inachukua miaka 5 au zaidi kabla dalili kuonekana. Mama aangalie hizi:

a) Ngozi ya kifua, mgongo au mikono ina madoa meusi na meupe yaliyochanganyika, kama vile matone ya kwanza ya mvua yanavyoanguka juu ya mavumbi ya njia.

b) Viganja na nyayo zinakuwa ngumu, tena zinaota vinundu vidogo vidogo kama punje za mahindi.

c) Kikohozi kisichoisha, ambacho si kifua kikuu wala mafua.

d) Ganzi au kuchomachoma kwa vidole vya mikono na miguu.

Usiseme mara moja: ni ulozi. Usiseme pia: ni arseniki tu. Magonjwa mengi yanatia madoa katika ngozi. Lakini kama watu wengi wa nyumba moja, au wa kartiye moja wanaochota pahali pamoja, wana dalili hizi, basi mambo yale yapelekwe kwa mganga upesi. Ugonjwa wa mtu mmoja unauliza mwili wake. Ugonjwa wa kartiye nzima unauliza maji.

Juu ya dawa tuseme kweli: hakuna kidonge cha kuondoa madhara ya arseniki iliyonywewa miaka mingi. Dawa ya kwanza ni kuacha maji yale. Ya pili ni chakula kizuri: maharagi, samaki, mayai, sombe, matunda. Mwili wenye kula vizuri unaitoa sumu zaidi katika mkojo. Usinunue dawa ya mtu anayepita njiani akisema inasafisha damu.

4. MIMBA NA MAZIWA YA MAMA

Hapa ndipo pahali pa mama kabisa, msome polepole.

Katika milima ile ile ya Andes, upande wa inchi ya Argentina, kuna mji mdogo unaoitwa San Antonio de los Cobres. Maji yake yalikuwa na arseniki karibu mikrogramu 200 kwa lita. Waganga walipima wamama wa pale, na mwaka 1998 wakaandika mambo mawili waliyoyaona.

La kwanza: walipopima damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa, wakakuta arseniki karibu sawa na iliyo katika damu ya mama. Ni kusema tumbo la mimba haliizuii. Kile mama anachokunywa, mtoto aliye tumboni anakipata.

La pili: walipopima maziwa ya mama, wakakuta mikrogramu 2 au 3 tu kwa lita. Mama alikunywa maji ya 200, lakini maziwa yake yalikuwa ya 2 au 3! Mungu ameweka chujio katika kifua cha mama, na chujio lile linashinda kila mashine tunayoweza kununua kwa franka zetu.

Kwa hiyo, mama, shika maneno haya mawili. Wakati wa mimba, maji yako ndiyo maji ya mtoto; tafuta maji mazuri kwanza kwa ajili ya mwenye mimba, kabla ya watu wote wa nyumba. Na mtoto akizaliwa, mpe maziwa yako tu, bila maji, bila chai, bila uji, mpaka atimize miezi 6. Maziwa ya unga yanakorogwa kwa maji, na mtoto mdogo anakunywa mengi kupita kilo zake. Maji yakiwa mabaya, kila chupa ni sumu. Kama mganga amekupa maagizo mengine juu ya kunyonyesha, kwa sababu ya ugonjwa wako, uje utuulize kabla ya kubadilisha kitu.

5. NA SISI HUKU KONGO?

Mama mmoja atasema: Chile ni mbali. Ndiyo, ni mbali. Lakini arseniki haitoki katika volkano peke yake. Inakaa pia katika mawe ya madini. Mawe yakichimbwa, yakisagwa na kuyeyushwa, mavumbi, moshi na maji machafu ya kazi ile yanaweza kuibeba.

Katika Katanga waganga wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipima mkojo wa watu, wakubwa na watoto. Mwaka 2009 wakaandika waliyoyaona: watu wanaokaa chini ya kilomita 3 toka machimbo au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti, arseniki, risasi na urani katika mkojo wao kupita watu wa vijiji visivyo na machimbo.

Utafiti ule ulipima miili, haukupima kila robine. Sumu za madini zinaingia kwa njia tatu: mavumbi, chakula na maji. Basi tusiseme kwamba maji ya kila mji wa machimbo ni mabaya. Tuseme hivi: anayekaa karibu na machimbo anapashwa kuuliza, tena anapashwa kufunga zile njia tatu.

6. MAMA AFANYE NINI?

Kwanza, endelea kuchemsha maji. Tunarudilia kwa sababu tunaogopa mama mmoja asikie vibaya na kuacha. Mikrobe ziko kila pahali, arseniki iko pahali pengine tu. Kipindupindu kinaua kwa siku moja. Chemsha! Jambo ni hili: kuchagua maji kunakuja mbele, kuchemsha kunafuata. Chagua maji mazuri, kisha chemsha.

Pili, uliza. Wamama wa kartiye waende pamoja na shefu wa kartiye kwa wakubwa wa maji, au waje kwenye kituo cha afya, waulize maneno matatu: Maji yetu yamepimwa arseniki? Yalipimwa mwaka gani? Walikuta hesabu gani? Jibu la "maji ni mazuri" halitoshi. Jibu linapashwa kuwa hesabu. Ikiwa ni 10 au chini, mshukuru Mungu. Ikipita 10, muulize: tutapata wapi maji mengine ya kunywa, na lini? Tena muulize hesabu ya risasi na ya kobalti siku ile ile.

Tatu, tenga maji. Tujifunze kwa inchi ya Bangladesh. Katika miaka ya 1970 watu walichimba pale visima vingi vya pompi kusudi watoto wasife kwa kuhara. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini mwaka 1993 wakaona kwamba udongo wa chini una arseniki. Wakapima visima, wakapaka rangi: pompi nyekundu, usinywe, pompi ya kijani, unywe. Mama wa Bangladesh aliweza kufua nguo na kuoga kwa maji ya pompi nyekundu, kwa sababu arseniki haipiti sana katika ngozi. Lakini ya kunywa na ya kupika aliyachota kwenye pompi ya kijani. Sisi pia, kama maji mazuri ni kidogo, tuyatunze kwa kinywa: kunywa, chai, bugali, mchele, maharagi. Maji mabaya yakipikwa na chakula, sumu inaingia katika chakula. Na mtoto akioga, asinywe.

Nne, tumia mvua. Watu wa Antofagasta hawakuwa na mvua. Sisi Mungu ametupa mvua miezi mingi. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati safi hayakupita katika mawe. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, umwage maji yale, kisha kinga katika chombo chenye kifuniko. Chemsha kabla ya kunywa. Lakini kama nyumba iko karibu na moshi wa kiwanda cha madini, usikinge ya kunywa, kwa sababu mavumbi ya moshi yanalala juu ya mabati.

Tano, angalia chombo. Usichote maji kwa bidoni iliyobeba asidi, dawa ya machimbo au dawa ya wadudu, hata ukiiosha mara kumi.

Sita, funga njia ya mavumbi. Nawisha watoto mikono mbele ya kula. Nyunyiza maji chini kabla ya kufagia. Osha mboga vizuri. Nguo za kazi za baba anayechimba zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto. Mtoto asicheze juu ya chungu za udongo wa machimbo. Na mama mwenye mimba asioshe mawe ya madini mtoni. Tunajua ni njaa inayomtuma. Basi wenzake wa kanisa wamsaidie kutafuta kazi nyingine katika miezi ile.

7. MASWALI AMBAYO WAMAMA WANAULIZA

"Mama muuguzi, maji yetu ni meupe sana, tena ni baridi. Yanaweza kuwa na sumu?"
Ndiyo, yanaweza. Weupe unaonyesha tu kwamba hakuna matope. Kipimo cha maabara ndicho kinachojua.

"Sisi tuko na chujio la mchanga na makala nyumbani. Haitoshi?"
Chujio lile ni zuri kwa uchafu. Kwa arseniki usilitegemee. Kiwanda cha maji kinaweza kuiondoa kwa chuma, na kinapima kila mara. Nyumbani huwezi kujua kama imetoka.

"Mama mkwe wangu anasema mtoto mchanga ana kiu, nimpe maji kidogo."
Mjibu kwa heshima: Mama, maziwa yangu yana maji ndani yake, na maji yale yamechujwa na Mungu. Mtoto akilia, mnyonyeshe tena. Umlete mama mkwe siku ya kupima kilo, tutaongea naye sisi wenyewe.

"Nilikunywa maji ya kando ya machimbo miaka mingi. Mimi na watoto wangu tumekwisha kufa?"
Hapana, mama. Kunywa maji yale haisemi kwamba utaugua. Wengi walikunywa, wachache wakapata kansere. Badilisha maji leo. Usivute tumbako, na baba asivute, kwa sababu moshi wa tumbako na arseniki vinasaidiana kuharibu mapafu. Ukiona madoa, ganzi, kikohozi kisichoisha au damu katika mkojo, kuja hospitali, na uwaambie waganga maji gani mlikunywa na kwa miaka mingapi. Usingoje waulize.

8. WATU WA YERIKO

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2, tunasoma habari ya mji wa Yeriko. Mji ulikuwa pahali pazuri, lakini maji yake yalikuwa mabaya na yalileta hasara katika inchi. Watu wa mji walifanya nini? Hawakunyamaza wala hawakusema kwamba ni bahati yao. Walimwendea Elisha wakamwambia wazi: maji yetu ni mabaya. Na Elisha hakwenda kwenye vikombe vya watu, mmoja mmoja. Alikwenda mpaka chemchemi yenyewe, na Bwana akayaponya maji pale yanapotokea.

Hapa tunaona njia. Sumu ya arseniki haiponywi katika sufuria ya mama. Inaponywa pale maji yanapotokea: kwenye mto, kwenye kisima, kwenye kiwanda cha maji, kwenye machimbo. Mama peke yake hawezi kufika pale. Wamama wengi wakiwa pamoja, na kanisa, na shefu, na waganga, wanaweza. Kusema si kugombana. Kuuliza hesabu ya maji si dharau kwa wakubwa. Ni kazi ya mama, sawa vile kumpeleka mtoto chanjo.

KUMBUKA

Moto unaua mikrobe, hauondoi arseniki.
Chagua maji kwanza, kisha chemsha.
Mwenye mimba apate maji mazuri mbele ya wote.
Miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama tu.
Ulizeni hesabu: isipite 10.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini maji ya chumvi yaliyochemshwa sana yanazidi kuwa ya chumvi? Jambo hili linatufundisha nini juu ya arseniki?
2. Watu wa Antofagasta walikunywa maji mabaya kwa miaka mingapi? Kitu gani kilibadilika upesi baada ya 1970, na kitu gani kilichelewa?
3. Kati ya tumbo la mimba na maziwa ya mama, ni wapi mtoto analindwa na arseniki?
4. Katika kartiye yetu tunachota maji wapi? Nani ataenda pamoja na shefu kuuliza yale maneno matatu, na siku gani? Andikeni majina na siku kabla ya kurudi nyumbani.